Safu ya Mengineyo

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza leo na kazi imeanza leo, na vyote viwili vimenikuta sina mwavuli. Nilistaafu mahakamani miaka miwili iliyopita, baada ya kupiga chapa hukumu za watu kwa miaka thelathini na moja, nikadhani vidole vyangu sasa ni vya kuchambulia mchele tu. Kumbe wapi. Kuna muswada wa sheria ya kuzuia ukatili wa kingono, wananchi wanatoa maoni kila Jumanne pale ukumbini, na kamati ilitaka karani anayeweza kusikiliza na kupiga chapa kwa wakati mmoja. Nikasema huyo ni mimi.

Katibu wa kamati ni kijana nadhifu, viatu vinang'aa hata kwenye matope. Nimempa jina la Bwana Muhuri, maana muhuri haumtoki mkononi. Amenielekeza kazi kwa adabu. Fomu ina safu nne: namba, jina, kifungu, maoni. Mwananchi akitaja namba ya kifungu cha muswada, maoni yake yanaandikwa chini ya kifungu hicho. Asipotaja, yanakwenda ukurasa wa nyuma, chini ya Mengineyo.

"Na Mengineyo yanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Yanaambatanishwa, mama."

Nimekaa katika ofisi za serikali muda wa kutosha kujua kwamba kilichoambatanishwa hakisomwi. Lakini kazi ni kazi. Leo wamesema watu kumi na tisa, wanaume kumi na saba. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori mstaafu aliyeanza kwa kusema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nina hoja tatu." Zote tatu zilikuwa moja: wanawake watawasingizia wanaume. Alitaja kifungu cha kumi na moja, akakisifu. Hicho ndicho kinachosema aliyefanyiwa ukatili alalamike ndani ya siku thelathini, la sivyo malalamiko yake hayatapokelewa.

Jumanne, 10 Machi

Mzee Hoja karudi na hoja zilezile tatu. Nikapiga chapa tena.

Kisha akasimama mama mmoja, mfagizi wa hospitali, kavaa koti lake la kazi maana ameomba ruhusa ya saa moja tu. Alianza kusimulia yaliyompata kwa mtu aliyekuwa akimtegemea. Hajafika nusu, Bwana Muhuri akamkata: "Mama, kifungu?"

"Kifungu gani tena, mwanangu? Mimi nakueleza yaliyonipata."

"Lazima useme unachangia kifungu gani."

Mama akamtazama, akanitazama na mimi, nadhani alitaka nimsaidie. Nikainamisha macho kwenye mashine. Akasema basi, akaketi. Nikaandika: Mengineyo, namba 7. Mstari mmoja na nusu.

Muswada wenyewe umebandikwa ndani ya ofisi ambayo haifunguliwi Jumamosi, kurasa arobaini za lugha ambayo hata mimi naisoma kwa kurudia. Mfagizi atajulia wapi namba ya kifungu?

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 14 Machi

Nimegombana na mdogo wangu wa kike. Tunaishi wawili tu hapa tangu mama alipofariki. Yeye ni kitinda mimba, ana miaka ishirini na tisa, mimi nilimbeba mgongoni. Ni fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Tangu katikati ya Novemba ameacha kazi kwenye karakana ya nguo, anasema alikosana na msimamizi. Amerudi na cherehani yake na gombo la karatasi ya kaki wanayokatia vipimo, akaviegemeza ukutani, na kutoka hapo ni kulala na kukaa. Nimemwambia leo mtu mzima hakai ndani kama kuku anayeatamia. Ningeweza kulisema kwa upole. Sikulisema kwa upole.

"Sawa, Dada," akasema. Ndiyo jibu lake siku hizi kwa kila kitu.

Jumanne, 17 Machi

Wamesema thelathini. Wanawake wanne, wote Mengineyo.

Kuna mwanamke anayetuletea chai pale ukumbini, wanamwita Mama Chupa. Ana umbea wa kutosha mitaa mitatu. Anamimina chai taratibu makusudi ili asikie, kisha anasimama nyuma yangu na kuuliza, "Karani, huyo umemwandika wapi?" Nimemwambia leo ashughulike na vikombe.

Jumanne, 24 Machi

Paa la ukumbi limevuja kwa mvua, tumesogeza meza mara mbili. Leo tumefungua pia sanduku la maoni ya maandishi. Barua ishirini na tatu. Nyingi zimeandikwa na wanaume walewale waliokwisha kusema, nadhani waliona mdomo peke yake hautoshi.

Moja ilikuwa kipande cha karatasi ya kaki, kimechanwa kwa haraka, kimeandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule: JE ALIYENYAMAZA MIEZI MINNE KWA WOGA SHERIA HII ITAMSAIDIA AU BASI. Hakina jina wala kifungu. Bwana Muhuri akakisoma, akacheka kidogo puani, akasema, "Hili ni swali, si maoni." Nikaandika: Mengineyo, namba 48. Nikakibana na wenzake.

Alhamisi, 26 Machi

Mafua. Mdogo wangu kanichemshia maji bila kuombwa.

Jumamosi, 28 Machi

Leo sikumaliza kufagia, na si kwa mafua.

Asubuhi nilitaka kufagia pale kwenye cherehani. Nikalisogeza lile gombo la karatasi ya kaki. Kona yake imechanwa. Imechanwa kwa haraka, pembe moja ndefu, nyingine fupi, na mimi kipande kinachoingia hapo nilikishika kwa vidole hivi hivi Jumanne. Nilikaa chini sakafuni na ufagio mkononi.

Katikati ya Novemba. Miezi minne. "Sawa, Dada."

Alitoka bafuni akanikuta nimelishika gombo. Hakuuliza. Mimi ndiye niliyesema, "Nilikipiga chapa mimi." Akasema, "Najua. Nilijua ni wewe unayepiga. Nilificha mwandiko usinitambue, halafu nikawa naomba unitambue."

Akanieleza. Sitaandika hapa aliyonieleza, ni yake. Nitaandika hili tu: ni yule msimamizi wa karakana, ilikuwa Jumatatu tarehe 17 Novemba, wenzake walikuwa wameshatoka, na kesho yake yule mtu alimwamkia kama kawaida na kumpa kazi ya vifungo. Alimwambia akisema hakuna atakayemwamini, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki kwa hiari yake kumalizia kazi. Mdogo wangu aliamini. Na alipokaa nyumbani akijaribu kutoamini, dada yake mkubwa akamwambia amekuwa kuku anayeatamia.

Nimekasirika hivi kwamba sijui nianze na nani. Nianze na yule shetani. Nianze na Bwana Muhuri aliyecheka puani. Nikimaliza wote hao nabaki mimi, nyani asiyeona kundule, niliyekaa wiki nne nikiwasukuma wanawake ukurasa wa nyuma kwa sababu kazi ni kazi. Namba 48. Nilimpa mdogo wangu namba.

Jumatatu, 30 Machi

Tumekwenda polisi, yeye na mimi. Yeye ndiye aliyesema twende. Mimi nilikuwa tayari kumbeba mgongoni tena.

Askari wa dawati hakuwa mtu mbaya, na hilo limenikera zaidi. Aliandika kila kitu, alimpa kiti. Halafu akaweka kalamu chini. "Jalada nimefungua, dada. Ila wakubwa wameshatuambia kesi za namna hii zingoje sheria mpya. Na nasikia itasema siku thelathini. Zako ni ngapi?"

Mdogo wangu alishazihesabu. "Mia moja thelathini na tatu."

Askari akalifunga jalada. Kisha akasema, "Ombeni kile kifungu wakibadilishe."

Tumwombe nani, na tutaandikwa wapi? Mimi ndiye naijua ile safu.

Jumanne, 31 Machi

Wanaume ishirini na wawili, wanawake watano. Wote watano Mengineyo. Nilipiga chapa nimeuma meno.

Wakati wa chai nikamfuata Mama Chupa kwenye beseni lake la vikombe. Nilianza kwa kuzunguka. Nikamwambia kuna jambo kuhusu fomu.

"La vifungu?" akasema. "Karani, mimi nimekungoja wiki tatu. Kila nikikuuliza umemwandika wapi unaniambia nishughulike na vikombe."

Kumbe hajui kusoma, lakini anajua muswada kuliko Mzee Hoja. Amesikia vifungu vikisomwa kila Jumanne na vimemkaa kichwani kwa namba. Cha tisa, cha kumi na moja, cha kumi na nne, anakutajia kama majina ya wajukuu. Ambacho hakukijua ni kwamba asiyetaja namba hasomwi.

"Ina maana yule mfagizi hajasomwa?"

"Hajasomwa."

"Na wewe ulijua?"

Nikasema nilijua. Akaendelea kusuuza vikombe. Alisuuza kimoja mara tatu. Kisha akasema, "Basi wewe kapige chapa. Hao wanawake niachie mimi, nawajua wanapofanyia kazi."

Nilimwita mmbea. Mdomo ule ndio unaotufaa sasa.

Jumanne, 7 Aprili

Wamekuja. Walikuwa wamesimama kwenye mvua kabla mlango haujafunguliwa, wafagizi, akina mama wauza mboga, wauguzi waliotoka zamu, mwalimu mmoja na daftari za wanafunzi kwapani. Sitini na tatu. Mfagizi wa hospitali alikuwa wa kwanza.

"Mama, kifungu?" akaanza Bwana Muhuri, kwa mazoea.

"Kifungu cha kumi na moja," akasema. "Siku thelathini hazitoshi. Ziondolewe."

Wa pili: kifungu cha kumi na moja, siku hazitoshi, ziondolewe. Wa tatu hivyo hivyo. Mama Chupa alikuwa amewafundisha wote kwa maneno yaleyale ili asipotee mtu. Nilipiga chapa ukurasa wa mbele hadi vidole vikawa moto. Kufika wa arobaini Mheshimiwa mwenyekiti akavua miwani akawa anaifuta, na Bwana Muhuri akawa anageuza muhuri wake juu chini, chini juu.

Nilitembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye cherehani. Hakuwa anashona, ila alikuwa ameitia mafuta.

Ijumaa, 10 Aprili

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Leo Bwana Muhuri kaniita ofisini tuandae muhtasari. Akanisomea mwongozo wa kamati, aya ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa: maoni yanayofanana yahesabiwe kuwa oni moja. "Kwa hiyo, mama, wale wa Jumanne andika moja. Waliimba wimbo mmoja."

Wanawake sitini na tatu. Mmoja.

Sikubishana. Nilirudi mezani nikafanya alivyoniagiza. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtumishi mtiifu, nikaendelea kufanya alivyoniagiza. Nikakusanya wanaume wote waliosema wanawake watawasingizia, tangu Machi tatu, mia moja na kumi na mbili. Mzee Hoja peke yake ni wananchi sita, na barua mbili. Nikawahesabu kuwa mmoja. Nikampelekea.

Akasoma, akasimama. "Hiki nini? Hawa ni watu mia moja na kumi na mbili."

"Wanafanana."

"Kila mmoja ana maneno yake."

"Mzee wa hoja tatu ana maneno yaleyale mara sita. Nimeyapiga mwenyewe, baba, hata koma hazijabadilika."

"Mama, usinifundishe kazi."

"Wewe ulikuwa hujazaliwa mimi napiga chapa hukumu," nikamwambia, na hapo ndipo sauti yangu ilipopanda. "Rungu moja haliwezi kuwapiga hawa likawapapasa wale. Ama unahesabu vichwa vyote, ama kila upande unauhesabu mdomo mmoja."

Tukapelekana kwa Mheshimiwa. Mzee wa watu alisoma mwongozo mara mbili akaamua kwamba aya ni aya, inawahusu wote. Wiki sita za wanaume zikawa mstari mmoja. Bwana Muhuri hajanisemesha tena. Nilifurahi kwa dakika kumi, halafu nikakumbuka kwamba moja kwa moja ni sare, na wakitoka sare kifungu kinabaki kilivyo.

Kimebaki kikao kimoja.

Jumapili, 12 Aprili

Nilimweleza mdogo wangu yote wakati tunamenya viazi. Nilikuwa nalalamika tu, sikutarajia jibu. Mama Chupa alikuwepo, siku hizi haishi kuja hapa.

Mdogo wangu akasikiliza. Kisha akasema, "Mtu akileta kazi ya sare za wanafunzi mia, mshono ni mmoja. Lakini siwezi kukata moja nikasema nimemaliza. Kila mtoto ana kipimo chake."

Mama Chupa akaacha kumenya.

"Mimi zangu ni mia moja thelathini na tatu," mdogo wangu akasema. "Yule mfagizi zake ngapi?"

Mama Chupa akajibu polepole, "Miaka kumi na moja." Halafu akaangalia viazi. "Zangu hazina wa kuzihesabu. Nilikuwa sijaolewa." Sikujua. Nimemjua mwezi mzima, nimekunywa chai yake, na sikujua.

"Basi hatufanani," akasema mdogo wangu.

Jumanne, 14 Aprili

Nitajaribu kuandika ilivyokuwa.

Mvua kubwa kuliko zote. Ukumbi umejaa mpaka varandani. Mdogo wangu alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la kwanza tangu Novemba. Nilimwambia si lazima. Akaniambia, "Wewe kapige chapa, Dada."

Mfagizi akatangulia. "Kifungu cha kumi na moja. Mimi ilinichukua miaka kumi na moja na miezi miwili kusema. Siku thelathini hazinihusu."

"Hili tumeshalipokea," akasema Bwana Muhuri. "Linafanana na la wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita sikutaja muda," akasema mama. "Leo nimetaja. Kuna mwingine mwenye miaka kumi na moja na miezi miwili?"

Mheshimiwa akaniangalia. "Karani, yupo?"

"Hayupo, Mheshimiwa."

"Basi aandikwe peke yake."

Wakaanza. Kifungu cha kumi na moja, siku arobaini na moja. Kifungu cha kumi na moja, miaka mitatu. Muuguzi: miezi saba, na aliyemfanyia bado anasaini zamu zake. Mwalimu: siku thelathini na mbili, alichelewa kwa siku mbili, moja ilikuwa Jumapili. Hawakusimulia. Walitaja muda tu na kuketi, na kila muda ulipotajwa nilikuwa nahesabu kilichokuwemo ndani: kuamka, kwenda kazini, kuitika sawa, Dada. Wawili walipogongana kwenye miaka mitano, wa pili akasimama tena akasema, "Mitano na siku nne." Niliandika na siku nne.

Mama Chupa aliweka trei chini. "Kifungu cha kumi na moja. Miaka thelathini na sita. Leo ndiyo mara ya kwanza." Akachukua trei yake akaendelea kugawa chai.

Kisha mdogo wangu. Alisema taratibu, kila neno limenyooka. "Kifungu cha kumi na moja. Siku mia moja thelathini na tatu. Na barua namba 48 iliyoko kwenye Mengineyo ni yangu. Naomba itolewe huko."

Bwana Muhuri hakucheka puani. Mimi nilipiga chapa huku siioni karatasi.

Mwisho akasimama Mzee Hoja. Nikajiandaa. Alishika kofia yake muda mrefu. "Mheshimiwa, leo sina hoja. Nina mke wa miaka arobaini. Sijawahi kumuuliza." Akakaa. Sikujua nimwandike wapi. Hakutaja kifungu. Nikamwandika mbele.

Jumapili, 19 Aprili

Ripoti imekwenda. Chini ya kifungu cha kumi na moja wapo wanawake sabini na wanane, mmoja mmoja, kila mtu na muda wake. Kurasa tisa. Namba 48 niliitoa nyuma kwa mkono wangu.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua inapungua. Mdogo wangu amepokea kazi ya mapazia.

Jumatano, 27 Mei

Rasimu mpya imerudi, na nimepewa kuipiga chapa safi. Nikaenda moja kwa moja kwenye kifungu cha kumi na moja.

Wameandika siku tisini.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta neno jingine pembeni yake. Hakuna. Kurasa tisa walizisoma, najua walizisoma kwa kuwa kumeandikwa "baada ya kuzingatia maoni ya wananchi," na baada ya kuzingatia wakatuongezea siku sitini kama mtu anavyomwongezea mteja nyanya mbili. Mwalimu ameingia. Wa siku arobaini na moja ameingia. Mfagizi hayumo, Mama Chupa hayumo. Mdogo wangu amekosa kwa siku arobaini na tatu. Nani alikaa mezani akasema tisini inatosha, na alipimia mwili wa nani?

Nilimpelekea rasimu nyumbani kwa sababu nisingeweza kumwambia kwa mdomo. Alikuwa anashona. Alisoma kifungu, akasoma na chini yake, pale ambapo mimi sikufika kwa hasira: maoni zaidi yatapokelewa kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne.

"Wanapokea karatasi ya saizi gani?" akauliza.

"Hawajasema."

Akazima cherehani. Akavaa viatu, akamwita Mama Chupa aliyekuwa uani, akaliendea lile gombo la kaki ukutani. Nilidhani atachukua mkasi. Hakukata hata kona. Amelibeba zima begani, na tunakwenda kuanzia hospitali, kwa wafagizi, kila mmoja aandike muda wake.